Aibu Irudi kwa Mwenyewe

Yapo mambo ambayo gazeti huyaandika kwa furaha, na yapo mengine ambayo huyaandika kwa sababu kunyamaza ni kushiriki katika uovu. Leo twaandika la namna hiyo ya pili. Twajua kwamba wapo wasomaji watakaosema jambo hili si la kuzungumzwa mbele ya watoto na wakwe. Sisi twawajibu kwa heshima kwamba ni ukimya huohuo uliowafanya watoto wetu wateseke miaka mingi bila msaada, na kwamba mtu mzima anayeona haya kulitamka jambo ambalo mtoto ameona haya kulipata hana budi kujiuliza ni nani kati yao anayemlinda mwenziwe.

Twazungumzia watu waliobakwa, au waliotendewa ukatili wa kingono wa namna yoyote, na hasa twazungumzia maisha yao baada ya siku ile. Juu ya mtenda kosa yamesemwa mengi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imemwekea kifungo kisichopungua miaka 30, na akimbaka mtoto aliye chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Wananchi waliipokea sheria hiyo kwa shangwe, na ilistahili. Lakini hukumu ni ya mkosaji. Je, huyu aliyetendewa, tumemwekea nini? Mkosaji akipelekwa gerezani, yeye hurudi wapi, kwa nani, na kwa moyo gani?

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, wala hatumlengi mtu. Twasema tu lile ambalo mkazi yeyote wa vijijini atalitambua. Tuseme binti wa miaka 14, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Igamba, wilayani Mbozi, anabakwa jioni na mtu anayemfahamu vizuri. Kwani mara nyingi mtenda jambo hili si mgeni apitaye njiani, bali ni jirani, ndugu, rafiki wa nyumba au mtu wa kuheshimiwa. Mama analia. Baba anatoka usiku ule kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi, kwa nia njema ya kuzuia ugomvi, anawaita wazee wa pande zote mbili. Kikao kinakaa siku ya kwanza na siku ya pili. Siku ya tatu yanapatikana maelewano: ng'ombe mmoja, au fedha zitakazolipwa kahawa ikiuzwa. Watu wanapeana mikono, wanakunywa chai, wanasema yamekwisha.

Basi ndugu msomaji, na tuhesabu. Katika kikao kile chote binti hakuitwa. Hakuulizwa anaumwa wapi wala anataka nini. Na wakati wazee walipokuwa wakihesabu ng'ombe, saa zilikuwa zikihesabiwa mahali pengine. Dawa za kumkinga mtu asiambukizwe virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa lazima zianze kumezwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake; kisha humezwa kwa siku 28 bila kukosa. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina mwisho wake, saa 120. Ushahidi ambao daktari angeuona mwilini na kwenye nguo umeoshwa kwa maji ya moto, maana mama, kwa huruma yake, alimwogesha mtoto. Maelewano yale yalipopatikana siku ya tatu, saa 72 zilikuwa zimekwisha. Ng'ombe huyo, kwa hakika, hakulipwa na mtenda kosa. Alilipwa na binti kwa afya yake.

Na kesho yake asubuhi, mtu yule anapita mbele ya nyumba, anasalimia, naye anaitikiwa.

Twasema wazi: balozi si hakimu. Kazi ya balozi ni heshima kubwa, nasi twaijua faida yake katika kupatanisha majirani waliogombania mpaka wa shamba au mbuzi aliyekula mahindi. Lakini ubakaji si deni wala si ugomvi wa mpaka. Ni jinai dhidi ya Jamhuri nzima, na baba wa mtoto hana mamlaka ya kuisamehe, kama vile asivyokuwa na mamlaka ya kusamehe mauaji. Mwanachama anayekaa katika kikao cha kuimaliza kinyumbani, hata awe na kadi ya zamani kuliko zote kijijini, anamsaidia mtenda kosa.

Lakini haitoshi kukemea. Ni lazima tuulize kwa nini wazazi, ambao hakika wanampenda mtoto wao, wanakubali ng'ombe yule. Sababu twaziona nne.

Ya kwanza ni umaskini. Kutoka Igamba mpaka Vwawa, yalipo makao makuu ya Mkoa wa Songwe, ni safari ya nauli, na kesi si safari moja. Kuna safari ya polisi, ya hospitali, ya kutoa ushahidi, na ya kurudi tena kwa sababu shauri limeahirishwa. Mkulima aliye katikati ya msimu wa kuchuma kahawa anapima siku hizo zote kwa kilo anazoziacha zikianguka chini. Ng'ombe yupo leo. Hukumu iko mbali.

Ya pili ni undugu. Mtenda kosa akiwa mjomba au baba wa kambo, nyumba nzima hula kwa mkono wake. Mama anaulizwa: je, unataka watoto wengine walale na njaa?

Ya tatu ni uzito wa sheria yenyewe. Twasema hili kwa uangalifu, wala hatutaki adhabu ipunguzwe. Lakini ni kweli kwamba kadiri adhabu ilivyo kubwa, ndivyo ukoo wa mtuhumiwa unavyozidi kubembeleza, kutisha na kununua, kwani unajua ndugu yao atakwenda miaka 30. Taifa lililoweka adhabu kubwa linadaiwa pia ulinzi mkubwa kwa shahidi. Kumwachia binti wa miaka 14 abebe peke yake uzito wa miaka 30 ya mtu mzima, huku watu wa kijiji wakimwambia kuwa yeye ndiye anayemfunga ndugu yao, ni ukatili wa pili.

Ya nne ni aibu, nayo ndiyo mama wa zote. Lugha yetu yenyewe imeshiriki. Watu husema mtoto “ameharibiwa”. Twauliza: kitu gani kilichoharibika? Akili yake ipo, utu wake upo, thamani yake mbele ya Mungu na mbele ya sheria haikupungua hata chembe. Aliyeharibika ni yule aliyefanya. Neno hilo likitamkwa na mama mbele ya binti yake, humfundisha kwamba maisha yake yamekwisha kabla hayajaanza. Tuliache. Tuseme ametendewa uovu, na kwamba atapona.

Kwamba jambo hili ni kubwa, hesabu zenyewe zinasema. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na wengi zaidi katika wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Na wasomaji wetu wasiwapite wavulana kwa haraka. Mvulana aliyetendewa hivi hufungwa kinywa mara mbili, kwa aibu ya tendo na kwa aibu ya kuambiwa kwamba mwanamume halii.

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ipo hesabu nyingine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Songwe wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikwisha kubeba mimba, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 22. Hakuna mkoa mwingine uliofikia kiasi hicho. Hatusemi kwamba mimba zote hizo ni za kubakwa kwa nguvu. Lakini sheria ya 1998 ilisema kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa, ila akiwa ameolewa. Na mlango huo wa ndoa nao ulikemewa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na tena na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliposema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 14 au 15 kuolewa vinakwenda kinyume cha Katiba. Basi nyuma ya hesabu ile ya 45 wamo mabinti wengi ambao uovu waliotendewa umepewa majina mengine: uchumba, ndoa, au maelewano ya wazee.

Sasa tuje kwenye kupona, maana ndiko tulikokusudia kufika.

Kupona si kusahau. Wengi hudhani kwamba mtu akiacha kulia amepona, na kwamba kumkumbusha ni kumtonesha, hivyo ni bora kila mtu anyamaze. Hilo si kweli. Aliyetendewa ukatili huu huenda akakosa usingizi, akaota ndoto mbaya, akashtuka mlango ukigongwa. Mtoto mdogo huenda akaanza tena kukojoa kitandani. Mwanafunzi hodari huenda akawa wa mwisho darasani, au akawa mkali bila sababu inayoonekana. Walimu humwita mtundu, wazazi humwita jeuri, na wengine humtafutia mganga. Kumbe si utundu wala si pepo. Ni jeraha, na jeraha lina matibabu yake.

Tena watu huuliza: kwa nini hakupiga kelele? Swali hilo limewanyamazisha wengi kuliko vitisho. Wanaojua mambo ya akili na mwili wamelieleza: mwili ukishikwa na hofu kubwa mno, mara nyingi huganda, sauti haitoki na mikono haiinuki. Aliyeganda hakukubali.

Daktari wa Marekani Judith Herman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alieleza kwamba kupona hupitia hatua tatu: kwanza usalama, kisha kulikumbuka na kuliomboleza lililotokea, na mwisho kuungana tena na watu na maisha. Twaona kuwa mpango huo unaeleweka hata kwa mtu asiyesoma kitabu hicho. Huwezi kumwambia mtu aomboleze akiwa bado anaishi nyumba moja na aliyemtesa. Wala huwezi kumwambia ajiunge na wenzake ikiwa wenzake wanamnong'ona kisimani. Ndiyo sababu ng'ombe wa kikao hawezi kumponya mtu: anaiacha hatua ya kwanza, ambayo ni usalama.

Katika nchi jirani ya Kongo, mjini Bukavu, Daktari Denis Mukwege aliianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Alitibu miili ya wanawake waliobakwa vitani, kisha akaona kwamba kutibu mwili peke yake hakutoshi. Mwanamke hutoka hospitalini akirudi kwenye umaskini, woga na kutengwa. Hapo zikaungwa kazi nne pamoja: matibabu ya mwili, matibabu ya moyo, msaada wa sheria, na kazi ya mikono ya kumwezesha kujilisha. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Nchini mwetu pia njia hiyo imefuatwa. Zanzibar ilifungua Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, ili aliyetendewa amkute daktari, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii mahali pamoja, asisimulie habari yake mara kumi katika ofisi kumi. Kwa upande wa Bara, vituo vya namna hiyo vilifuata katika baadhi ya hospitali, na polisi wana Madawati ya Jinsia na Watoto.

Lakini kituo kilichoko mjini humsaidia mtu aliyefika mjini. Kwa binti wa kijijini, kituo cha kwanza ni mtu wa kwanza atakayemwambia. Huyo ndiye daktari wa saa ile, naye yampasa ajue mambo machache. Amwambie: nakuamini, na kosa si lako. Asimhoji kama askari. Asimwogeshe wala asifue nguo, bali azifunge katika karatasi au kitambaa kikavu. Ampeleke kituo cha afya na polisi siku ileile, na fomu ya polisi, ile PF3, asikubali kuiuziwa, kwa kuwa hutolewa bure. Kwa habari za watoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo. Na habari hiyo asiitangaze, kwa kuwa si mali yake. Aliyenyang'anywa amri juu ya mwili wake lazima arudishiwe amri juu ya maneno yake: nani aambiwe, lini, na kwa kiasi gani.

Wazazi wengi huogopa mahakama kwa kuwa hawaijui. Ni vizuri wajue kwamba ushahidi katika kesi za namna hii husikilizwa faraghani, si mbele ya umati. Wajue kwamba tangu mwaka 1998 sheria imekubali kwamba ushahidi wa aliyetendewa peke yake waweza kutosha, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Na Mahakama ya Rufani ilikaza mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwake yeye mwenyewe. Wajue pia kwamba sheria hiyohiyo inaitaka mahakama imwamuru mkosaji alipe fidia. Hii ndiyo fidia ya haki: hutolewa hadharani, kwa jina la aliyetendewa, pamoja na adhabu. Haifanani na ng'ombe wa usiku, anayeingia katika zizi la baba na kununua kimya cha mtoto. Na asiye na uwezo wa wakili ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wafanyakazi nao wasidhani kwamba habari hii ni ya vijijini tu. Tunduma, penye mpaka wa Zambia, malori hupanga foleni mchana na usiku, na nyumba za kulala wageni na mabaa huhitaji watumishi. Wasichana huja kutoka Igamba, Itaka na kwingineko kutafuta riziki. Msichana anayeambiwa kwamba ajira yake, mshahara wake au zamu yake hupatikana kitandani kwa msimamizi ametendewa kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imeitaja rushwa hiyo ya ngono. Chama cha wafanyakazi kinachopigania posho na kunyamazia hili kimewasahau nusu ya wanachama wake. Na mfanyakazi aliyetendewa ukatili akiomba ruhusa ya kwenda hospitali au mahakamani, asiitwe mvivu. Kazi yake imlinde, kwani mara nyingi kazi ndiyo iliyobaki ya kumwonyesha kwamba bado ni mtu miongoni mwa watu.

Basi twataka nini? Hatutaki maandamano ya siku moja. Twataka mambo matano, nayo yanawezekana.

Kwanza, kila balozi na kila mwenyekiti wa kitongoji atangaze katika mkutano wa hadhara kwamba hatapokea shauri la ubakaji ila kwa kulipeleka polisi saa ileile.

Pili, kijiji kiwe na mfuko mdogo wa nauli. Wananchi wanaochangia harusi na misiba hawashindwi kuchangia nauli ya mtoto na mama yake kwenda hospitali ndani ya saa 72.

Tatu, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizowekwa hata vijijini chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017 na kuingia awamu ya pili mwaka 2024, zikutane kweli, si katika makaratasi, na katika kila shauri mjumbe mmoja apewe jukumu la kumwangalia aliyetendewa kwa mwaka mzima, hata kesi ikiisha, hata ikishindwa. Twakaza maneno hayo ya mwisho: hata ikishindwa. Kesi huanguka kwa sababu nyingi, na mtoto ambaye kesi yake imeanguka anahitaji watu zaidi, si pungufu.

Nne, arudi shule. Hatukuwahi kuona shule iliyoporomoka kwa sababu ya kumpokea mtoto aliyeumia. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurejea darasani. Mwalimu mkuu ampokee bila hotuba, na wanafunzi wafundishwe kwamba kumcheka ni kumtesa upya.

Tano, wanaume waseme. Jambo hili limeachiwa akina mama kana kwamba wao ndio wanaolitenda. Wazee wa Igamba wanaoheshimiwa kwa busara yao wakisimama na kusema kwamba mbakaji hana nafasi ya kuketi nao barazani, maneno hayo yatamfikia kijana kabla ya hakimu.

Tunajua kwamba haya hayatafanyika kwa siku moja. Lakini tutakijua kijiji kilichoanza kwa dalili moja. Asubuhi ile, baada ya uovu kutendeka, anayetembea akiwa ameinamisha kichwa atakuwa mtenda kosa, na binti atapita njia yake kwenda kisimani na shuleni akisalimiwa na watu wote kwa jina lake. Aibu ina mwenyewe. Kazi yetu sote ni kuirudisha kwake.